Umeitwa kwenye usaili? Jiandae kwa swali la "Tueleze wakati ambapo..."

Mdogo wangu uliyemaliza chuo, uwe umesoma MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya), Mkwawa au Mzumbe ya Mbeya, ukiona jina lako kwenye orodha ya walioitwa, furahi jioni hiyo moja. Kesho yake anza kazi. Ninayoandika hapa yanahusu zaidi usaili wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ila hatua ya tatu itakufaa hata ukiitwa na kiwanda cha chai Mufindi.

Hatua ya 1: Soma tangazo lote

Wengi wakishaona jina lao hawaendelei kusoma. Angalia tarehe, saa, kituo na aina ya usaili: kada nyingi huanza na mchujo wa kuandika, baadhi hufuata na vitendo, ndipo yaje mahojiano. Ingia kwenye akaunti yako ya Ajira Portal, ule mfumo wa mtandaoni ulioombea kazi, unakili namba ya mtihani, maana siku ya usaili hutapewa. Nauli, chakula na malazi ni juu yako, kwa hiyo anayetoka Makete au Chunya aanze kutafuta pa kulala mapema.

Hatua ya 2: Vyeti halisi

Beba vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita, hadi shahada, pamoja na kitambulisho, mfano cha NIDA. Hati za matokeo na matokeo ya muda hazikubaliwi. Majina yakitofautiana kati ya cheti kimoja na kingine, unahitaji hati ya kisheria ya kurekebisha majina, ile watu wanaita dipoli. Hili usilisubirishe hadi wiki ya usaili. Uliyesoma nje ya nchi, hakikisha vyeti vyako vimepitishwa na TCU (vya vyuo vikuu), NACTVET (vya vyuo vya kati) au NECTA (vya sekondari), kutegemea ngazi.

Hatua ya 3: Andaa visa vyako

Hapa ndipo kazi ilipo. Jopo linalopima umahiri halikuulizi "uaminifu ni nini?" Linakuambia: "Tueleze wakati ulipogundua kosa kwenye kazi, na ulichofanya." Wanataka tukio moja, lililokutokea wewe.

Chukua tangazo la kazi lenyewe, sehemu ya majukumu. Kila jukumu jiulize: linadai nini kwangu? Kutunza kumbukumbu? Kufanya kazi na wananchi wenye hasira? Kumaliza kazi kwa wakati? Kisha tafuta kisa kwa kila kimoja. Usiseme huna uzoefu. Una mafunzo kwa vitendo, mradi wa mwaka wa mwisho, uongozi wa darasa, hesabu za kwaya, duka la mama yako pale sokoni Mwanjelwa, msimu wa viazi uliousimamia kijijini. Visa sita vilivyoandaliwa vizuri vinatosha, kwa sababu kisa kimoja kinaweza kujibu maswali mawili au matatu.

Kila kisa kipange hivi: mazingira yalikuwaje, jukumu lako lilikuwa nini, ulichukua hatua gani, matokeo yakawa nini. Mazingira yamalize kwa sentensi mbili. Hatua ndizo zichukue muda mrefu.

Tuseme umesoma uhasibu. Jibu linaweza kuwa hivi: "Nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa Uyole. Mwezi mmoja daftari lilionyesha fedha zaidi ya zilizomo kwenye sanduku kwa shilingi 40,000. Kazi yangu ilikuwa kufunga hesabu kabla ya kikao. Nilichukua stakabadhi zote, nikazilinganisha na daftari mstari kwa mstari, nikakuta marejesho ya mwanachama mmoja yameandikwa mara mbili. Nilimweleza mwenyekiti, nikarekebisha mbele yake, nikapendekeza kila ingizo lisainiwe na watu wawili. Kikundi kilikubali, na miezi iliyofuata hesabu zilikaa sawa."

Sasa angalia vitenzi: nilichukua, nikazilinganisha, nilimweleza. Usaili wangu wa kwanza niliupoteza hapo hapo. Nilisimulia mgogoro tuliousuluhisha nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo Iringa, na kila sentensi ilikuwa "tulikaa, tukajadili, tukakubaliana". Mmoja wa jopo akaniuliza kwa upole, "Na wewe ulifanya nini?" Nikajibu, "Tulisaidiana wote." Huku kwetu tumelelewa hivyo, kujitaja peke yako mbele ya wakubwa kunaonekana ni majivuno. Lakini wale hawawezi kutoa alama kwa watu wasiokuwepo chumbani. Sema "tulikuwa watano, mimi nilipewa kuandika taarifa", kisha endelea na "nili-". Huo ni ukweli, wala haumdharau yeyote.

Usibuni kisa. Swali la tatu la kufuatilia litakufichua.

Hatua ya 4: Jibu kwa sauti

Kisa kilichokaa kichwani tu hukwama mdomoni. Mwombe dada au rafiki akuulize bila mpangilio, nawe ujibu kila swali kwa dakika mbili hivi. Tangazo likiwa la Kiingereza, fanya mazoezi kwa Kiingereza pia.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Mbeya, Njombe na Iringa asubuhi za Juni na Julai zina baridi kali, na unaweza kungoja nje saa nyingi: vaa sweta zito, utalivua kabla ya kuingia. Kama unatokea Uyole, toka mapema, barabara ile hujaa malori. Ukiingia salimia, kaa ukikaribishwa. Swali usipolielewa, omba lirudiwe.

Ukitoka, fuatilia matokeo kwenye akaunti. Waliofaulu wakakosa nafasi huwekwa kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya majina ya Sekretarieti, na wanaweza kupangiwa kazi baadaye nafasi ikipatikana. Kwa hiyo laini ya simu uliyoiandika kwenye akaunti usiiache ifungwe.