Kusakinisha SAM CLI ukiwa Mtwara: hakiki faili kabla ya sudo

Minada ya korosho huanza Oktoba, na baada ya miezi michache maghala huwa matupu. Programu ndogo ninayoandikia chama chetu cha msingi, ile inayochukua kilo za mkulima, bei ya mnada na makato, kisha ikatoa malipo yake, huchapa kazi msimu huo halafu hukaa kimya mpaka mwaka unaofuata. Kulipia seva mwaka mzima kwa kazi ya namna hiyo ni kumwaga hela. Ndiyo maana naiweka AWS Lambda, huduma ya Amazon iliyotangazwa 2014. Unapeleka kipande cha programu, kikiitwa kinafanya kazi, nawe unalipia idadi ya maombi na muda uliotumika. Maombi milioni 1 ya kwanza kila mwezi hayalipiwi.

Chombo cha kuandalia kazi hiyo kwenye kompyuta yako ni SAM CLI, programu ya AWS unayoiendesha kwa kuandika amri. Vijana wanaokuja kwangu Chikongola na kompyuta zao huwa wengi wanatumia Ubuntu, kwa hiyo nitaeleza ya Ubuntu.

Fungua dirisha la amri, ujue kwanza kompyuta yako ni ya aina gani:

uname -m

Ikijibu x86_64, fuata amri zilivyo hapa chini. Ikijibu aarch64, faili lako ni lile lenye arm64 kwenye jina. Sasa pakua:

wget -c https://github.com/aws/aws-sam-cli/releases/latest/download/aws-sam-cli-linux-x86_64.zip

Hiyo -c usiiache. Mtandao ukikatika katikati, rudia amri ileile, nayo itaendelea pale ilipoishia badala ya kula bando upya. Ila kuna jambo la kuangalia. Anwani hiyo inaelekeza kwenye toleo jipya kuliko yote. Ukipakua nusu leo, toleo jipya likatoka usiku, ukamalizia kesho, utakuwa na nusu ya faili moja na nusu ya jingine chini ya jina moja. Kwa macho hutaliona kosa hilo. Litaonekana kwenye hatua inayofuata, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike maelezo haya, kwa sababu watu wengi huiruka:

sha256sum aws-sam-cli-linux-x86_64.zip

Utapata mstari wa herufi na tarakimu 64, ambao ndio alama ya faili; faili likibadilika hata kidogo, alama nayo hubadilika. Fungua ukurasa wa matoleo wa aws-sam-cli kwenye GitHub, tovuti ile ile uliyopakulia, tafuta toleo ulilopakua, utaona alama ya kila faili. Usilinganishe kwa macho herufi nne za mwanzo na nne za mwisho ukaridhika. Nakili alama ya kwenye ukurasa, uiachie kompyuta ilinganishe. Kati ya alama na jina la faili weka nafasi mbili:

echo "ALAMA_ULIYONAKILI  aws-sam-cli-linux-x86_64.zip" | sha256sum --check

Ukiona OK, endelea. Ukiona FAILED, futa faili na upakue upya tangu mwanzo, safari hii bila kuunganisha vipande.

Huku kwetu mmoja akishapakua, wenzake wanalipata kwa flashi. Sioni ubaya, bando ni hela. Lakini faili lililopita kompyuta kadhaa haliaminiki kwa jina lake tu. Mwenye kukupa faili pamoja na alama kwenye flashi ileile hajakuhakikishia kitu, maana aliyelibadili faili angeweza kuibadili na alama. Alama ichukue mwenyewe kutoka GitHub, hata kwa simu. Ni maandishi tu, hayamalizi bando. Kumbuka unachokwenda kufanya: sudo inaipa programu hiyo mamlaka yote juu ya kompyuta yako, na baadaye chombo hichohicho kitatumia funguo za akaunti yenye malipo ya wakulima. Mkulima wa Tandahimba hana namna ya kukagua kompyuta yako. Kumkagulia ni wajibu wako.

Kusakinisha kwenyewe ni kwepesi:

unzip aws-sam-cli-linux-x86_64.zip -d sam-installation
sudo ./sam-installation/install

Kisha:

sam --version
which -a sam

Ya kwanza itoe namba ya toleo, nayo ilingane na uliyoiona GitHub. Ya pili ioneshe /usr/local/bin/sam. Ikionesha na njia nyingine ndani ya folda yako ya nyumbani, huenda una toleo la zamani lililoingia kwa pip, kisakinishi cha Python. Liondoe, la sivyo hutajua ni lipi linaitika.

Namba ya toleo peke yake hainitoshi. Tengeneza mradi wa majaribio kwa sam init, chagua mfano wa Hello World wa Python, ingia kwenye folda yake, andika sam build. Hadi hapo huhitaji akaunti ya AWS. Ikilalamika kuhusu Python, mara nyingi ni kwamba toleo lililotajwa kwenye faili la mradi, template.yaml, silo lililomo kwenye kompyuta yako, na chombo chenyewe ni kizima. Build ikifaulu, unaweza kuanza kazi.

Amri ya sam local invoke, inayoendesha programu kwenye kompyuta yako kama vile iko Lambda, inahitaji programu kama Docker, ya kuendeshea programu nyingine ndani ya kasha lake. Mara ya kwanza itashusha mamia ya megabaiti, basi isubirishe hadi uwe na bando la usiku au Wi-Fi ya ofisini.

Tena, SAM CLI hutuma taarifa za matumizi kwa AWS isipokuwa uikataze. Mimi huikataza kwa kuweka mstari huu kwenye .bashrc, faili la mipangilio ya dirisha la amri:

export SAM_CLI_TELEMETRY=0

Kusasisha nafanya Septemba, kabla mizani haijaanza kupima. Hamisha faili la zip na folda ya zamani, pakua upya, hakiki alama upya, fungua zip, halafu:

sudo ./sam-installation/install --update