SOMO: "Figure 1" iwe gra, maelezo yake yabaki kawaida, kwa legendi zote mara moja

Bandugu na badada, hii naiandika mara moja ibaki hapa, juu kila wakati wa kudepoze TFC (travail de fin de cycle, kazi ya kumaliza masomo) na memwari swali ni lile lile: direkta (mwalimu anayesimamia kazi yako) anataka "Figure 1" iwe gra (herufi nzito) alafu maelezo yanayofuata yasiwe gra, legendi (maandishi ya kueleza picha ao tablo) ziko nyingi, nifanye aje? Kupita moja moja na souris si jibu, juu ukiongeza picha moja kesho unaanza tena. Nikituma link ya hii post, ujue njo jibu.

Natumia Word ya Kifaransa ku Windows, maana njo iko ku mashine nyingi hapa Goma. Gra ni Ctrl+G. Kama Word yako iko mu Kiingereza, ni Ctrl+B.

1. Legendi iwe legendi ya kweli: "Références", kisha "Insérer une légende". Kama uliandika namba kwa mkono, zirudilie zote, bila hivyo mengine yote hapa chini hayatakusaidia.

2. Picha iwe "Aligné sur le texte" KABLA ya kuweka legendi. Picha inayoelea, Word inaiwekea legendi ndani ya kisanduku, na huko inapotea kirahisi.

3. Nyuma ya namba weka nukta mbili, kwa zote: "Figure 3 : Coulée de lave du Nyiragongo, mai 2021". Usichanganye, hii na nukta mbili, ile na kistari.

4. Hapa njo watu wengi wanaharibu, soma polepole.

Karibu kila mtu anaanza kinyume: anaacha stili "Légende" (mavazi ambayo Word inavalisha legendi zote) vile iko alafu anatia gra juu ya "Figure 3". Ku ukurasa inaonekana mzuri. Kisha anaingia mu teksti kuweka "Renvoi" (maneno ya kutuma msomaji ku picha), anataka iandike "kama Figure 3 inavyoonesha", na ile "Figure 3" inatokea gra katikati ya sentensi, anaitoa kwa mkono, anafanya F9 (ili Word ihesabu upya) inarudi, anaitoa tena inarudi tena. Sababu ni kwamba renvoi inakopi yale maneno pamoja na gra uliyoyavalisha kwa mkono. Lakini gra inayotoka mu stili ya paragrafu haisafiri, inabaki kwao. Table des illustrations (orodha ya picha) nayo ni vile vile.

Kwa hiyo geuza mambo: STILI yenyewe iwe gra, alafu tunatoa gra ku maelezo. Klik ya kuume juu ya "Légende" mu orodha ya stili, "Modifier", bonyeza G, OK. Kisha klik ya kuume tena juu ya jina lile lile, chagua zote kwa "Sélectionner toutes les occurrences", piga Ctrl+Espace ili ile gra ya mkono ya zamani itoke. Angalia, Ctrl+Espace inaondoa na italiki, kama uko na majina ya kisayansi mu legendi utayarudishia italiki yake baadaye.

Mambo mawili ya kuchunga hapo:
- Mu dirisha la "Modifier", "Mettre à jour automatiquement" isiwe na alama. Ikiwa nayo, ukigusa legendi moja nzima zote zinabadilika.
- Usijitengenezee stili ya herufi ya "sio gra" ukifikiri itazima gra ya paragrafu. Haizimi. Na kibaya zaidi, gra ya stili ya herufi ikikutana na gra ya stili ya paragrafu zinafutana, Word imejengwa hivyo. Njo maana mtu anaweka stili ya herufi "Élevé" juu ya legendi ya gra anaona gra imetoka, na hajui kwa nini. Sisi tunatoa gra moja kwa moja ku maandishi, basi.

5. Ctrl+H, bonyeza "Plus". Mu "Rechercher" andika

`:*^13`

tia alama ku "Utiliser les caractères génériques", na kursa ikiwa bado mu kisanduku hicho: "Format", "Style", "Légende". Shuka mu "Remplacer par", andika `^&` na piga Ctrl+G mara mbili, mpaka chini yake iandikwe "Non Gras". Kisha "Remplacer tout".

Usipite ku "Police" na kuchagua Normal, juu inaua na italiki, na mtu wa biolojia ambaye *Gorilla beringei graueri* yake imesimama wima atarudishiwa kazi. Pia kabla ya kubonyeza hakikisha chini ya "Rechercher" kumeandikwa Style : Légende. Bila hiyo, kila paragrafu ya memwari iliyo na nukta mbili inapoteza gra, pamoja na vichwa vyako. Ikitokea, Ctrl+Z mara moja.

6. Ili usirudilie hatua ya 5 kila siku, makro (programu ndogo inayofanya kazi pahali pako). Alt+F11, klik juu ya "Normal", "Insertion", "Module", bandika hii:

```
Sub LegendiGra()
  With ActiveDocument.Content.Find
    .ClearFormatting
    .Replacement.ClearFormatting
    .Style = ActiveDocument.Styles(wdStyleCaption)
    .Text = ":*^13"
    .Replacement.Text = "^&"
    .Replacement.Font.Bold = False
    .MatchWildcards = True
    .Format = True
    .Wrap = wdFindStop
    .Execute Replace:=wdReplaceAll
  End With
End Sub
```

Funga. Ukitaka kuitumia: Alt+F8, chagua LegendiGra, "Exécuter". Inakaa mu mashine yako si mu fishie, kwa hiyo docx yako unaituma kwa direkta bila shida. Na haijali Word iko mu lugha gani.

7. Ctrl+A, F9. Imeisha.

---

kadutu_G3: kwangu haifanyi

Mwandishi: Haifanyi aje? Inasema nini?

kadutu_G3: inasema haikupata kitu

Mwandishi: Hatua ya 5, ile alama ya "caractères génériques". Na kama unaandika ^p pahali pa ^13, pamoja na alama ile Word haikubali.

kadutu_G3: aa ni alama. imefanya

dada_himbi: Aksanti sana yaya. Mimi nataka kuelewa tu, Word inajuaje ya kwamba renvoi ni "Figure 3" na si legendi nzima?

Mwandishi: Swali mzuri dada. Piga Alt+F9 utaona ndani: renvoi yako ni kodi, REF kisha jina lenye kuanza na _Ref. Lile jina ni alama ya siri ambayo Word inaweka juu ya legendi, na inaweka pale tu ulipochagua: ukichagua "Texte et numéro uniquement" inafunika "Figure 3" peke yake, ukichagua legendi nzima inafunika yote. Kila F9 inaenda kukopi kilicho chini ya alama. Na ile namba ya legendi nayo ni kodi, inaitwa SEQ, njo inahesabu. Piga Alt+F9 tena kurudi. Ukizoea kuangalia kule ndani hutaogopa Word tena.

dada_himbi: Nimeona! Basi ukifuta legendi moja namba zingine zinajipanga?

Mwandishi: Ndiyo, ukifanya Ctrl+A na F9. Na renvoi ya ile uliyofuta itaandika "Erreur ! Source du renvoi introuvable". Kwa hiyo kabla ya kuprinti tafuta neno "Erreur" mu fishie nzima. Wengi wamedepoze na hiyo ndani.

fils_ya_birere: Mkubwa mimi niko mbio, nikutumie fishie unifanyie?

Mwandishi: Hapana. Dakika kumi, hatua saba.

fils_ya_birere: ku simu inawezekana?

Mwandishi: Makro haziko ku Word ya simu. Ingia mu sekretariati yoyote yenye ordinateri.

lushois_geo: Salamu toka Lubumbashi. Sisi tunatakiwa kuweka nukta moja, na namba zetu ni za shapita, Figure 2.1, Figure 2.2. Nikiweka nukta pahali pa nukta mbili itakata kule ndani ya namba?

Mwandishi: Umeona mbali, ndiyo ingekata hapo, na "1" ingepoteza gra. Weka nukta NA nafasi: `. *^13`. Ndani ya 2.1 hakuna nafasi nyuma ya nukta, kwa hiyo inairuka. Badilisha na ule mstari wa .Text mu makro.

lushois_geo: Imepita bien. Aksanti kaka.

mama_sezi: Mimi niko na LibreOffice, sina Word. Nimeachwa?

Mwandishi: Hapana mama, wewe una bahati. Mu Writer: "Insertion", "Légende", bonyeza "Options", kuna pahali pa "Style de caractère". Chagua stili ya gra pale, inashika lebo na namba peke yake. Hakuna makro. Ila fanya tangu legendi ya kwanza, zile za zamani hazibadiliki zenyewe.

mama_sezi: Mungu akubariki. Na legendi ya tablo inabaki chini ya ukurasa, tablo inaruka ku ukurasa unaofuata, hiyo nayo inanisumbua kwa kazi za watu.

Mwandishi: Klik ku legendi, ingia mu "Paragraphe", "Enchaînements", kuna alama ya kushika paragrafu na ile inayofuata. Ku Word ni "Paragraphes solidaires". Kwa tablo weka ku legendi, juu legendi iko juu ya tablo. Kwa picha weka ku paragrafu ya picha yenyewe, juu legendi iko chini yake.

kadutu_G3: nimeweka ku legendi ya picha haifanyi

Mwandishi: Soma sentensi ya mwisho.