Kompyuta ya mezani iliyochoka: jinsi ya kutafuta kifaa kilichoharibika

Kompyuta ya mezani iliyopiga kazi miaka minane au kumi haifi kwa siku moja. Huanza kwa kujizima katikati ya kazi, au kugoma kuwaka asubuhi mpaka swichi ibonyezwe mara tatu, au saa yake kurudi nyuma miaka kadhaa. Fundi asiye na subira husema ubao mama (ule ubao mkubwa ambamo vifaa vyote huchomekwa) umekufa. Mara nyingi sivyo. Kosa huwa kwenye umeme, kwenye joto, au kwenye meno ya RAM (vipande vya kumbukumbu ya muda) yaliyopauka, na yote matatu hupimika kwa bisibisi ya nyota, multimita (kipima umeme) ya kawaida na raba ya kufutia penseli. Fuata njia ya umeme kutoka ukutani kwenda ndani, na ubadilishe kitu kimoja tu kila mara. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na mashine ikawaka, hutajua ni kipi kilichoiponya.

Kama bado inawaka, hata kwa nusu saa tu, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje kabla ya kufungua kasha. Kisha chomoa waya ukutani, bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde 10 ili chaji iliyobaki iishe, na uguse chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine. Pawa saplai yenyewe (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha) usiifungue kamwe: kapasita (vitunza chaji) kubwa za ndani zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa.

Haiwaki kabisa

Hakuna taa, hakuna feni. Jaribu waya mwingine wa umeme na soketi nyingine, na uhakikishe swichi ya nyuma ya pawa saplai imewashwa. Ubao mwingi una kitaa kidogo kinachowaka muda wote umeme unapofika. Kikiwaka, shuku kitufe cha mbele ya kasha. Vitufe hivi huchakaa. Chomoa vijiwaya vyake kwenye ubao, kisha gusisha zile pini mbili kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Mashine ikiwaka, shida ni kitufe.

Ikikataa, ipime pawa saplai. Weka multimita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Katika plagi kubwa ya pini 24, waya wa zambarau (pini ya 9) unapaswa kusoma volti 5 dhidi ya waya wowote mweusi, hata kompyuta ikiwa imezimwa, mradi waya umechomekwa ukutani. Ukisoma sifuri, pawa saplai imekufa. Ukisoma 5, zima umeme, chomoa plagi kutoka kwenye ubao, unganisha waya wa kijani (pini ya 16) na mweusi kwa kipande cha waya, uache feni ya kasha au diski ya zamani imeunganishwa iwe mzigo, kisha washa. Waya wa njano usome kati ya 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, wa machungwa kati ya 3.14 na 3.47. Nyaya zote zikiwa nyeusi, hesabu kwa namba za pini. Na kama plagi haina pini 24, kama ilivyo kwa kompyuta nyingi za ofisini, tafuta mchoro wa modeli hiyo kwanza. Usiunganishe kwa kubahatisha.

Kipimo hicho kinathibitisha tu kwamba pawa saplai inaamka. Iliyozeeka huamka vizuri ikalegea chini ya mzigo. Kwa hiyo rudisha plagi, ingiza ncha za multimita kwa nyuma yake, fanyisha kompyuta kazi nzito na uangalie waya wa njano. Volti zikishuka chini ya 11.4 kazi inapopamba moto, hapo ndipo kunatoka kule kujizima kusikoeleweka. Badilisha pawa saplai nzima.

Feni zinazunguka, kioo giza

Kwanza angalia plagi ndogo ya pini 4 au 8 karibu na prosesa. (Wengi huliita kasha zima CPU, prosesa ninayosema ni kile kibapa kilicho chini ya feni.) Bila plagi hiyo feni zote huzunguka na hakuna kinachoendelea. Angalia pia waya wa kioo umeingia wapi. Kompyuta yenye kadi ya picha mara nyingi huzima tundu la picha la ubao.

Kisha vua kila kitu: diski, kadi, vifaa vya USB. Bakiza prosesa na feni yake na kipande kimoja cha RAM. Kama prosesa haina picha yake yenyewe, acha kadi ya picha. Sasa fanya jaribio ambalo wengi hawalijui: kama ubao una spika ndogo, toa RAM yote na uwashe. Ubao ukilia kulalamika, ni habari njema, maana prosesa na ubao viko hai na vinatafuta RAM. Ukiwa kimya kabisa, shaka inarudi kwenye ubao, prosesa au umeme.

Meno ya RAM yasugue taratibu kwa raba, futa vumbi la raba, kisha pangusa kwa kitambaa chenye spiriti safi ya isopropili. Jaribu kila kipande peke yake, katika kila tundu, ukisukuma mpaka vishikio vilie. Ikiwaka, iache MemTest86+, programu ya kupima RAM, ifanye kazi usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kukihukumu kipande, kwa sababu RAM mbovu huharibu mafaili kimyakimya kabla haijaangusha mashine.

Betri ya CR2032 iliyo kwenye ubao ikisoma chini ya volti 2.7, weka mpya. Hapa pana mtego: betri ikitoka, mipangilio ya BIOS (programu ya ubao inayoamka kabla ya Windows) hurudi ya kiwandani, na namna ya kusoma diski inaweza kugeuka kutoka AHCI kuwa IDE, au kinyume chake. Windows ikianguka na kosa 0x0000007B mara tu baada ya kubadilisha betri, diski haijafa. Rudisha mpangilio wa awali.

Ukiwa ndani, tazama kapasita zilizozunguka prosesa. Kichwa kinapaswa kuwa bapa. Kilichovimba au chenye ukoko wa kahawia kimekwisha, na mbao za miaka ya mwanzo ya 2000 zilijaa kapasita zenye maji mabovu ndani. Mwenye mkono wa kulehemu aweke zenye mikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, za nyuzi 105 na ukinzani mdogo wa ndani, akizingatia mstari wa hasi.

Inajizima au inaganda ikipata moto

Puliza vumbi, ukizuia feni kwa kidole isizunguke. Grisi ya joto kati ya prosesa na kipoozi (kile chuma chenye feni kilicho juu yake) hukauka na miaka ikawa kama chokaa. Ifute kwa spiriti, weka tone kubwa kidogo kuliko punje ya mchele, kaza skrubu kwa kupishana pembe. Prosesa za AMD zenye pini huweza kung'oka pamoja na kipoozi: washa mashine dakika chache grisi ilainike, zima na uchomoe umeme, kisha zungusha kipoozi kushoto na kulia kabla ya kuinua. Pini zikipinda, kuzinyoosha ni kazi ya sindano na subira. Joto likipita nyuzi 90 kwenye kazi nzito hata baada ya kusafisha, huenda kipoozi hakikugusa sawasawa.

Inakwenda kwa kujikokota

Fungua CrystalDiskInfo, programu ya Windows ya kuangalia afya ya diski, na usome mistari minne. 05 ni sekta (vipande vidogo vya diski) zilizohamishwa; C5 ni zinazosubiri kuamuliwa; C6 ni zilizoshindikana kusomeka. C5 au C6 zikiwa juu ya sifuri na zikaongezeka kila siku, acha kuchunguza na unakili data saa hiyohiyo. C7 ni tofauti: huhesabu makosa ya njiani, na dawa yake mara nyingi ni waya mpya wa SATA, ule unaounganisha diski na ubao. Namba hiyo hairudi sifuri, kwa hiyo angalia tu kama imeacha kupanda. Diski inayogonga tak-tak usiizime na kuiwasha tena na tena. Kila mwanzo unaweza kuwa wa mwisho.

Ukimpata mkosaji, rudisha vilivyobaki kimoja baada ya kingine, ukiwasha mashine kila mara, na uache kasha wazi mpaka ifanye kazi siku nzima bila kukwama.