Kupunguza paka wa mtaani bila kuwaua

Ukiwaua au kuwahamisha paka wa mtaani, chakula na maficho vilivyowavuta hubaki, na wengine huja kujaza nafasi. Dawa yake ni kuwanasa, kuwahasi, kuwachanja dhidi ya kichaa cha mbwa na kuwarudisha pale pale. Kazi hii haitaki kusuasua. Jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, huibeba siku 63 hadi 65, na hushika nyingine akiwa bado ananyonyesha. Ukihasi watatu ukaacha kumi, umepoteza pesa. Maliza kundi zima ndani ya wiki chache, majike kwanza.

Walishe saa ile ile kila siku kwa wiki mbili hivi, uondoe mabaki baada ya nusu saa. Wakizoea, wahesabu na uwapige picha. Ulizia majirani, usije ukanasa paka wa mtu. Nafasi kwa daktari wa mifugo ipangwe kabla ya kutega.

Siku ya kutega, paka wakubwa wasipewe chakula mpaka wakute chambo, maji waachie. Tumia mtego wa sanduku wenye mlango unaofyatuka paka akikanyaga kibao. Tandika gazeti chini, maana wengi hawapendi kukanyaga waya, na libane lisipeperuke. Chambo ni kijiko kimoja cha samaki mwenye harufu kali, kiwekwe nyuma kabisa ya kibao. Hapa ndipo wengi hukosea: wakiweka chambo katikati, paka hunyoosha shingo, hula na kuondoka bila kugusa kibao. Karibu na mlango, matone ya mchuzi yanatosha.

Mjanja asiyeingia, funga mlango wa mtego kwa kamba ubaki wazi, umlishie humo siku kadhaa, kisha utege.

Akinaswa tu, funika mtego wote kwa shuka, gizani hutulia. Usimtoe kwa mkono hata akionekana mpole. Akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo.

Daktari aombwe mambo mawili: ashone kwa nyuzi zinazoyeyuka, kwa kuwa paka huyu hutamkamata tena kirahisi, na akate ncha ya sikio la kushoto, kama sentimita 1, akiwa bado kwenye usingizi wa dawa. Bila alama hiyo, jike aliyekwisha kuhasiwa anaweza kupasuliwa tena bure.

Mwenye chuchu zilizovimba, na manyoya yaliyozizunguka yamelambwa yakaisha, ana watoto mahali fulani. Mtaje kwa daktari ili arudishwe mapema. Watoto wenyewe huhasiwa wakifikia kilo 1, kwa kawaida wiki nane, na wasikae na njaa usiku kucha.

Baada ya upasuaji paka hupoteza joto upesi. Mweke ndani, pakavu, palipo na joto, akiwa bado kwenye mtego uliofunikwa: dume saa 24, jike 48. Akitoka damu, akitapika mfululizo au akikataa kula siku ya pili, mrudishe kwa daktari. Ukimwachia, elekeza mlango mbali na barabara, kwani atatoka mbio bila kutazama.

Kulisha kuendelee. Akitokea mwenye masikio mazima, ni mgeni. Mtegee wiki hiyo hiyo.