Kwenda Ulaya kufundisha futiboli ya Kimarekani: haya yajue kabla hujakata tiketi

Wadau, hii nawaandikia hasa ndugu zetu mlioko Marekani, nyie mliokulia Minneapolis, Columbus, Dallas na kwingineko, mkacheza futiboli ya Kimarekani shuleni au chuoni na saivi mnafundisha vijana kwa posho ndogo huku mkiwaza mtapandaje. Huku Ulaya kuna kazi na wengi wenu hamjui. Mimi naishi Ujerumani, mwanangu alianza kucheza akiwa mdogo nami nikajikuta mzazi wa kujitolea pale klabuni, kazi yangu ikawa kuwapokea makocha wanaotoka Marekani, kuwapeleka manispaa kujiandikisha, kuwatafutia godoro, kwa hiyo nimewaona waliokaa miaka na nimewaona waliorudi kwao baada ya wiki tano.

Kwanza jua unapokwenda. Ujerumani mchezo huu umeshazoeleka, ligi yao kuu, GFL, ilianza 1979, na ile ligi ya huku Ulaya ya NFL, yaani ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, iliyoanza 1991, ilipofungwa 2007 timu tano kati ya sita zilikuwa za Ujerumani. 2021 ikaja ELF, ligi ya timu za nchi mbalimbali za Ulaya, ikiwa na timu 8. Ukitaka kuona huku kunaweza kumfikisha mtu wapi mtazame Jim Tomsula, mwaka 2006 alikuwa kocha mkuu wa Rhein Fire kule Düsseldorf, mwaka uliofuata San Francisco 49ers, timu ya NFL, wakamchukua, 2015 akawa kocha mkuu wao, afu akarudi tena Rhein Fire akabeba ubingwa wa ELF 2023 na 2024. Ila hapo ni juu kabisa, wewe utaanzia klabu ya mji mdogo daraja la pili au la tatu na hakuna ubaya wowote.

Kalenda nayo iangalie mapema. Italia wanaanza Machi na mpaka Julai wamemaliza, kwa hiyo kama unataka Agosti uwe umerudi shuleni kwako, Italia inakufaa. Ujerumani wanacheza kuanzia Mei hivi na fainali yao inapigwa Oktoba, hapo kazi ya nyumbani itabidi uiache.

Kutafuta kazi kwenyewe sio kugumu sana. Fungua akaunti Europlayers, ni tovuti, huko ndo klabu zinatafuta makocha na wachezaji, na kama unaweza fika kwenye ule mkutano wa AFCA, chama cha makocha wa Marekani, wa kila Januari ukaongee na watu ana kwa ana. Video nayo, hapa wengi wanakosea, wanatuma video ya timu yao ikifunga. Klabu haioni chochote cha kwako pale! Tuma dakika tano ukiwa mazoezini, unamfundisha mtoto ambaye hajui kusimama, unamrekebisha miguu, anarudia anapatia. Klabu yetu iliwahi kumchagua kocha kwa video ya namna hiyo tu, tukawaacha watu waliokuwa na CV nzito kumzidi.

Manake kazi yenyewe ndo hiyo. Ukifika utakuta mazoezi ni mara mbili au tatu kwa wiki, saa moja jioni, kwa sababu mlinzi wako wa kati ni fundi umeme na yule anayekamata mpira pembeni ni nesi mwenye zamu ya usiku, leo yupo kesho hayupo. Wachezaji wengi hawalipwi, wanalipa wao ada ya uanachama na helmeti wananunua kwa hela zao. Wengi walianza wakiwa na miaka 18, 20, wametokea mpira wa mikono, judo, soka. Na kuchelewa kuanza sio mwisho wa habari, Daniel Adongo wa Kenya alitoka kwenye raga akasainiwa na Indianapolis Colts ya NFL 2013, lakini mtu wa namna hiyo anataka mwalimu mwenye subira. Sasa kocha anakuja na daftari la mbinu kurasa 200, wiki ya kwanza kila mtu kachanganyikiwa, wiki ya nne watu wameanza kukacha mazoezi. Njoo na mbinu kumi na mbili ambazo hata fundi umeme aliyechoka anazikumbuka, zikishaingia ndo uongeze.

Halafu GFL ina sheria kwamba Wamarekani uwanjani hawaruhusiwi kuzidi wawili kwa wakati mmoja. Kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, mara nyingi anakuwa Mmarekani, wa pili labda yuko kwenye ulinzi, kwa hiyo mechi inaamuliwa na hawa wengine, wa hapahapa. Kocha anayekaa na Wamarekani wenzake tu, anakula nao, anacheka nao, anaipoteza timu bila kujua. Jifunze majina yote. Siku ya kwanza! Na kama ulizoea sheria za hai skuli, kaa chini usome za vyuo, yaani NCAA, ndo zinazofuatwa GFL.

Sasa mkataba. Hapa naomba usome polepole. Kawaida klabu inakupa tiketi, mahali pa kulala, gari au baiskeli, bima ya afya na hela ya mwezi, na kila kimoja kati ya hivyo kiandikwe. Nilimpokea kijana mmoja, sitaitaja klabu, aliambiwa kwa simu kwamba ana fleti, kufika ni chumba kimoja na wachezaji watatu na jiko halifanyi kazi, nilimwona anakaa juu ya begi lake hajui aanzie wapi na iliniuma kwelikweli. Kwa hiyo uliza: nalala peke yangu? Timu ikishuka au klabu ikiishiwa hela katikati ya msimu, tiketi ya kurudi analipa nani? Nikiumia? Timu za watoto nafundisha ngapi, U13, U16, U19? Hilo la watoto wengi hawaliulizi wakati ndo litakula nusu ya wiki yako. Gari nalo, mengi huku ni gia za mkono, na leseni ya Marekani ukishahamia Ujerumani inafanya kazi miezi 6 tu.

Afu omba kuongea na kocha aliyekutangulia. Klabu ikikataa kukupa namba yake, jibu umeshapata.

Kibali. Mwenye pasipoti ya Marekani anaweza kuingia Ujerumani bila viza na kuomba kibali akiwa ndani, ila zile siku 90 katika kila siku 180 unazoruhusiwa kukaa bila viza ni za kutembea, haziruhusu kazi. Wewe mwenye grinikadi lakini pasipoti bado ya Tanzania, Kenya au Kongo, hilo halikuhusu, viza unaomba ubalozini kabla hujapanda ndege, anza miezi kadhaa mapema. Na sheria yao ya kocha wa kulipwa inataka mshahara usipungue nusu ya kile kiwango cha juu cha kukatia michango ya pensheni, mwaka 2025 hiyo nusu ilikuwa euro 4,025 kwa mwezi. Klabu ndogo nyingi hazifiki hapo, kwa hiyo waulize bila aibu wanakuombea kibali cha aina gani, wakisema njoo tu tutaona, usiende. Andaa na cheti cha polisi cha tabia njema maana utakuwa na watoto. Kama ni raia wa Marekani, ritani za kodi za kule unaendelea kujaza hata ukiwa huku.

Kitu kingine, jifunze flegi, ile ya kuvuta kitambaa kiunoni badala ya kuangushana. Imeingia Olimpiki ya Los Angeles 2028, watano kwa watano, wanaume na wanawake, na klabu inamfurahia kocha anayeweza kufundisha zote mbili, hasa timu ya wasichana.

Msimu ukiisha omba barua ya sifa iliyosainiwa kabla watu hawajatawanyika likizo, hamisha video zako zote maana akaunti ya klabu itafungwa. Halafu nenda manispaa ukafute jina lako kwenye daftari la wakazi ndani ya wiki mbili baada ya kuhama, na ile ada ya redio na televisheni iandikie barua ya kuisimamisha, ni euro 18.36 kila mwezi kwa kila nyumba, nimeshawalipia wawili waliosahau.