Lipu ya chokaa na unga wa tofali kwa nyumba zetu za matumbawe, walivyofanya Warumi

Jamani wenye nyumba za zamani Mikindani, Lindi mjini na Kilwa, hizi za mawe ya matumbawe, naomba sana msizipige lipu ya simenti. Nyumba ya bibi yangu Mikindani ilipigwa, ikapendeza kweli, masika ya pili ukigonga kwa vidole unasikia kuna uwazi ndani, halafu ikabanduka vipande vipande na jiwe la nyuma limelowa chapachapa. Matumbawe yanafyonza maji toka chini, maji yale yanataka njia ya kutokea na simenti inayafungia humo humo.

Dawa ni chokaa, ila chokaa tupu inakaza taratibu mno na kwenye maji haigandi. Warumi walichanganya na majivu ya volkano ya Pozzuoli, karibu na Napoli, ikawa inaganda hata chini ya bahari, ndo wakajengea bandari, na kuba la Pantheon pale Roma lina upana wa mita 43, halina nondo hata moja, na limesimama toka karne ya 2. Sisi huku hatuna hayo majivu lakini Warumi walitumia pia tofali na vigae vya kuchoma vilivyopondwa, na tofali za kuchoma tunazo.

Chukua zile nyekundu za kawaida, zilizoungua mpaka zikawa kama kioo achana nazo. Ponda, twanga, kisha chekecha kwa chekeche la unga. Hapa usifanye uvivu kabisa, unataka vumbi linaloteleza vidoleni kama unga wa muhogo, maana vumbi ndo linaloshikana na chokaa, chengachenga zinabaki kuwa mchanga tu.

Chokaa ya mawe toka kwenye tanuri uizime mwenyewe kwenye pipa la chuma (na msinunue ya matumbawe yaliyovunjwa baharini, yale ni makazi ya samaki). Maji yanatangulia, chokaa unatia kidogo kidogo, usimwage kamwe maji juu ya chokaa, inachemka na kuruka na ikiingia jichoni inapofua. Vaa miwani na glovu, watoto wasisogee. Iache chini ya maji hata mwezi mpaka iwe nzito kama mtindi.

Mchanga uwe wa mto. Vitruvius, mjenzi wao, aliandika kabisa kwamba wa bahari unatoa chumvi na kuharibu lipu, na sisi wa pwani tunayaona hayo kila siku.

Ndoo 1 ya chokaa, 2 za mchanga, 1 ya vumbi la tofali. Maji kidogo sana, ukandekande kwa nguvu mpaka ukifinya donge lisichuruzike.

Bandua simenti yote ya zamani, lowesha ukuta jioni na asubuhi yake tena, kisha piga kwa mwiko, sentimita 1 tu, ukitaka nene zaidi subiri tabaka la kwanza likaze kiasi kwamba kucha haizami. Funika kwa viroba vibichi wiki nzima unanyunyizia asubuhi na jioni, jua letu likiupata mapema unapasuka. Kwenye lenta na slabu za nondo usiitumie.

Ukikauka utakuta rangi ya waridi kwa mbali. Baraza ya bibi tumeiacha hivyo hivyo, hatukupaka kitu.