Kumeza dawa za homa ya ini C hadi mwisho

Kipimo cha haraka huonyesha kingamwili tu, yaani kinga ambayo mwili umetengeneza dhidi ya virusi, si virusi vyenyewe. Kabla ya dawa, pima wingi wa virusi kwenye damu, hali ya ini, na homa ya ini B, kwa sababu B iliyolala inaweza kuamka virusi vya C vikishazimwa.

Dozi ya kawaida kwa mtu mzima ni sofosbuvir miligramu 400 na daclatasvir miligramu 60, mara moja kwa siku, wiki 12. Ini likishakuwa na makovu makubwa, daktari huweza kufikisha wiki 24. Chagua saa moja isiyobadilika. Ukisahau, meza ukikumbuka siku hiyohiyo. Kamwe usimeze dozi mbili pamoja.

Dawa nyingine zinaweza kuharibu tiba. Rifampisini ya kifua kikuu, karbamazepini na fenitoini za kifafa hupunguza nguvu ya vidonge hivi. Mpelekee daktari paketi zote unazotumia, pamoja na mitishamba ya sokoni. Kichwa kikiuma, kunywa maji na pumzika. Uchovu ni wa kawaida.

Mbege, pombe ya ndizi, wakati huu iache kabisa, hata kwenye sherehe za Desemba watu wakirudi Moshi. Kula sahani moja na familia hakuambukizi. Wembe, mswaki na mkasi wa kucha viwe vyako peke yako.

Wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho, rudia kipimo cha virusi, si cha kingamwili: kile hubaki chanya hata ukipona. Na ukipona, unaweza kuambukizwa tena.